Pa kuvulia viatu: kuchagua mahali patakatifu Nairobi kwa saa moja ya mchana

Mpwa wangu alinipigia simu Jumatatu moja, saa ya watu kula mchana, sauti yake ikimezwa na honi za matatu.

"Shikamoo shangazi. Nataka kukuuliza kitu, lakini usinicheke."

"Marahaba. Uliza."

"Nikitaka kukaa mahali patakatifu, niende wapi? Sitaki kuhubiriwa. Sitaki kuokoka wala kusilimu. Nataka nikikaa, nijue nimekaa."

Sikucheka. Mama yake alikuwa Mkatoliki wa Murang'a. Baba yake, ambaye ni kaka yangu, ni Mwislamu wa Majengo, Pumwani, kama mimi. Mtoto alikua akila Idi mbili na Krismasi moja kila mwaka, na alipofika miaka ishirini akaviacha vyote kwa adabu, kama mtu anayesema ahsante nimeshiba. Sasa ni mhasibu katikati ya jiji, na tangu tumzike mama yake mwaka jana hapendi kula mchana na wenzake ofisini.

Basi tukazunguka, mimi na yeye, kwa wiki kadhaa. Mimi ibada yangu ninaijua na sikwenda kutafuta nyingine, kwa hiyo wa Majengo mtakaosoma haya msinisomee dua ya kunirudisha. Nilikwenda kumsindikiza. Nayaandika kwa sababu najua hayuko peke yake, na kwa sababu watu wakitaka kulinganisha dini huanza na swali lisilomsaidia mwenye saa moja tu: hawa wanaamini nini? Anza na hili: mlangoni watanizuia nini? Viatu, kichwa wazi, mdomo, macho, simu, jinsia, kiapo. Zuio la mlangoni hukuonyesha mapema utakatifu wao umekaa wapi.

Kiswahili kimeshafanya nusu ya kazi

Takatifu limetoka kwenye takata, kuwa safi kabisa, kama tunavyosema mbingu zimetakata baada ya mvua. Jirani wa neno hilo ni taka, na jirani huyo usimpuuze: utakatifu wa namna hii ni usafi, na usafi hauna maana pasipo uchafu wa kuogopwa. Wakikuyu wa upande wa mama yake wamepita njia hiyohiyo. Roho Mtakatifu kwao ni Roho Mutheru, kutoka neno la kuwa safi, na upande wa pili kuna thahu, unajisi unaomshika mtu aliyegusa kisichoguswa, usiomtoka mpaka atakaswe.

Kiarabu kimetuletea njia nyingine. Mzizi mmoja umezaa haramu ya nyama ya nguruwe na pia Haram ya Makka, msikiti unaoizunguka Kaaba, pamoja na ihramu ya anayehiji. Kinachochukiza na kinachotukuzwa wamelala kitanda kimoja, maana mzizi wenyewe hauzungumzii uchafu wala usafi, unazungumzia kuzuiliwa. Warumi wa kale walikuwa na neno la aina hiyo, sacer, lililomhusu mnyama aliyetolewa kwa mungu na vilevile mhalifu aliyelaaniwa. Halafu tuna wakfu, mali iliyofungwa isiuzwe wala isirithiwe, neno la Waislamu ambalo Wakristo wamelitwaa bila kelele, hata leo askofu analiweka kanisa jipya wakfu kwa neno la kadhi. Na tuna mwiko, unaosonga ugali na kukataza kwa wakati mmoja.

Wasomi wa Ulaya waligawanyika papo hapo. Mfaransa Émile Durkheim aliandika mwaka 1912 kwamba kitakatifu ni kilichotengwa na kukatazwa, yaani uzio. Mjerumani Rudolf Otto akajibu kwa namna yake mwaka 1917 kwamba ni kile kinachotisha na kuvuta kwa pamoja, yaani mtetemeko. Mimi nimewaona wote wawili wana haki, ila kwa mtu wa saa ya mchana Durkheim anafaa zaidi. Uzio unaweza kuufuata kwa miguu ukaukuta. Mtetemeko haupangiwi ratiba.

Jamia na Basilika: ndani mna nini?

Hizi mbili unaweza kuzilinganisha kwa mguu, ziko karibu hivyo. Msikiti wa Jamia, jengo la sasa, ulijengwa kati ya 1925 na 1933, pembeni mwa City Market. Basilika ya Familia Takatifu ni ya miaka ya 1960, kazi ya msanifu Dorothy Hughes, na ilipandishwa hadhi ya basilika mwaka 1982.

Msikitini ndani hamna kitu. Nasema hivyo kwa kuusifu. Kuna zulia, kuna kibla, kuna maji nje, basi. Mtume amesema ardhi yote imefanywa msikiti, kwa hiyo jengo halina kitu ambacho kiwanja safi hakina. Kilichotengwa ni mwili wako uliotawadha na upande uliouelekea. Ukitia udhu na kusimama safuni, wewe ndiye umeingia patakatifu. Ukitoka na kwenda haja, umetoka. Kwa hiyo anayetaka tu "kukaa" atapata shida kidogo. Msikiti ni mahali pa kufanya, na kati ya sala unaweza kukaa kimya muda mrefu, lakini adhana ya adhuhuri ikishatoka, wewe uliyekaa tu utajiona kama abiria asiyeshuka kituoni. Wanawake wana sehemu yao. Asiye Mwislamu huomba ruhusa na kuvaa kwa stara, na asije wakati wa sala.

Basilikani ni kinyume kabisa: ndani mna Mtu. Tafuta taa ndogo nyekundu inayowaka karibu na tabernakulo, kile kisanduku kitakatifu. Maana yake ni kwamba Ekaristi, mkate uliowekwa wakfu, imehifadhiwa humo, na kwa Mkatoliki ule si ukumbusho wa Yesu, ni Yesu mwenyewe. Ndiyo maana watu hupiga goti hata kanisa likiwa tupu. Ijumaa Kuu tabernakulo huachwa wazi, tupu, na hata mimi nisiyehusika, nilipoliona hilo miaka mingi iliyopita nikiwa nimemsindikiza wifi yangu, nilihisi nyumba imehamwa. Zuio lao limekaa mdomoni: kaa, piga magoti, lia, hakuna atakayekuuliza, lakini Ekaristi usiipokee kama hujaandaliwa. Kwa mwenye huzuni isiyotaka maswali, sijaona katikati ya jiji benchi bora kuliko zile. Mpwa wangu alikaa dakika arobaini. Alipotoka akasema, "Shangazi, pale naonekana sana." Nikamwelewa. Mama yake alikuwa akisali mle.

Makanisa ya kilokole nitayapita haraka, si kwa dharau. Kwao jengo ni ukumbi. Jumamosi ni harusi, Jumapili ni moto. Utakatifu unashuka juu ya watu waliokusanyika na kuondoka nao. Ukienda Jumanne mchana utakuta viti vya plastiki vimepangwa na fundi wa spika. Huko huendi kukaa, unakwenda kukutana na watu.

Kuta za All Saints

Kanisa kuu la Waanglikana liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1917, mwaka uleule Otto alioandika habari za kutisha na kuvuta, na likakamilika 1952. Kiteolojia Waanglikana hawana shauri moja kama jengo lina utakatifu wake. Lakini Nairobi ilishalitolea hukumu swali hilo, na hapa naomba nikae kidogo.

Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kufunga kula katika kona ya Uhuru Park, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo. Msichana wa leo akisikia hivyo anadhani ni aibu. Haikuwa aibu yao. Uchi wa mama mzazi ni mwiko wa mwisho. Mwanamume aliye na umri wa kuwa mwanawe akilazimishwa kuuona amelaaniwa, na askari wale walilijua hilo hata bila kufundishwa na mtu. Hapo utakatifu haukuwa na jengo, ulikuwa kwenye ngozi za wanawake wazee, na ulitumika kama silaha.

Kisha akina mama haohao wakahamia All Saints, ng'ambo ya barabara, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Hapo tena utakatifu ukarudi kuwa ukuta: nje ni serikali, ndani ni hifadhi. Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Julai 1997, polisi waliingia kanisani humo na kuwapiga watu waliokuwa ndani. Watu wa kila dini walikasirika, na wengi wao hawajawahi kusali humo. Ndipo utajua mahali ni patakatifu: pakivunjwa, hata asiye wa pale anaumia.

Kwa mtu wa saa ya mchana: pana kivuli, pana utulivu, mlangoni hawakuulizi dini yako. Ni pazuri kwa anayetaka kukaa na machungu ya nchi. Machungu ya nyumbani, sijui.

Macho au masikio

Hekalu la Kihindu la Swaminarayan na gurdwara ya Singh Sabha, nyumba ya ibada ya Masingasinga, mtu wa nje huzitia kapu moja: zote za Wahindi, zote unavua viatu. Ni kosa. Tofauti yao ni kubwa kuliko ya msikiti na kanisa.

Hekaluni kitendo kikuu ni kuona. Neno lao ni darshan: unamwona Mungu na yeye anakuona, kwa macho ya sanamu iliyokaribishwa kwa ibada iwe makao yake. Mimi Mwislamu hapo nasimama nje ya uzio, lakini nilitaka niuelewe kabla ya kuukataa. Sanamu huamshwa asubuhi, huvishwa, huletewa chakula, hupumzishwa. Kwa sababu hiyo pazia hufungwa saa fulani, hasa mchana, na hakuna pesa wala cheo cha kulifungua. Jengo la Forest Road, lililofunguliwa 1999, ni la mawe na mbao zilizochongwa mpaka jicho linachoka, na nadhani limekusudiwa lichoke, ili likifika mbele ya pazia liwe limenyamaza. Ubaya wake kwa mhasibu wa mjini ni huo: saa yake ya kula ndiyo mara nyingi saa ya Mungu wao kulala.

Gurdwara ni ya masikio. Kwenye kiti cha enzi, chini ya kitambaa cha heshima, hakuna sanamu. Kuna kitabu, Guru Granth Sahib, kurasa 1,430, ambacho tangu 1708 Masingasinga wanakihesabu kuwa ndiye Guru wao aliye hai. Hufunguliwa alfajiri, hupepewa, na usiku hulazwa chumbani kwake. Unafunika kichwa, unakaa sakafuni, unasikiliza kikisomwa na kuimbwa. Baadaye unakwenda kula, na hapa ndipo ninapowavulia kofia: chakula cha langar ni cha bure kwa yeyote, wote sakafuni, tajiri na mchukuzi. Wasafiri wa barabara ya Mombasa wanaijua ile ya Makindu, iliyojengwa 1926. Uliza dereva yeyote wa lori. Kula kwenyewe ni ibada, si zawadi baada ya ibada. Kwa asiyependa kula na wenzake ofisini, nilidhani hili lingekuwa dawa. Mpwa wangu alikula chapati mbili, akanyamaza njia nzima.

Mti uliopishwa na barabara

Wakati wa kujenga barabara ya juu ya Nairobi, ile ya kilomita 27, mti mmoja mkubwa wa mugumo pale Waiyaki Way ulikuwa ukatwe. Watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 ikatoka amri ya rais kwamba mti ubaki. Upo mpaka leo, magari yanaunguruma pembeni.

Kwa Wakikuyu wa zamani mugumo ulikuwa mahali pa sadaka na sala, nao walisali wakielekea Kirinyaga, mlima tunaouita wengine Mlima Kenya. Hakuna aliyeujenga mti wala mlima. Hii ndiyo tofauti na yote niliyotaja: kule watu walitenga mahali, huku walikuta pametengwa. Zuio lake ni jepesi kulisema na zito kulitimiza: usiukate. Kuna simulizi mashuhuri kwamba mwonaji Chege wa Kibiru alitabiri utawala wa wageni ungekwisha mugumo wa Thika utakapoanguka. Wakoloni wakauzungushia chuma usianguke, nao ukaanguka 1963.

Na jambo moja nililipima kwenye ramani nikatabasamu peke yangu. Aliye Nairobi akielekea Makka anatazama kaskazini, akipinda mashariki kidogo tu. Mzee wa Kikuyu akielekea Kirinyaga anatazama kaskazini, akipinda mashariki zaidi kidogo. Kaka yangu na baba mkwe wake, kila mmoja akisali kwa namna yake katika uwanja mmoja, wangekuwa wamesimama karibu bega kwa bega.

Ukitaka utakatifu wa aina hii mchana, mti wa Waiyaki Way hauna pa kukaa, moshi utakuua. Nenda msitu wa Karura. Utalipa getini, jambo linalowaudhi wengine. Lakini ukikumbuka msitu ule ulivyopiganiwa mwaka 1999 usigawanywe viwanja, hiyo ada hutaiona kubwa. Humo mna mapango waliyojificha Mau Mau. Watu wa dini zote husali Karura, na hakuna anayemsalimia mwenzake, ambayo kwa Kenya ni muujiza.

Wenye siri

Mpwa wangu aliuliza pia kuhusu hawa. Tofautisha siri mbili. Masufi husema dini ina dhahiri na batini, ganda na kiini, na kiini hakifichwi kwa makusudi. Kinakosa tu maneno, kama ladha ya embe kwa asiyewahi kulila. Mlango wake ni sheikh, dhikri na miaka. Hakuna batini ya saa ya mchana, na anayekuahidi hiyo mkimbie.

Frimasoni ni siri ya kiapo. Jumba lao liko Barabara ya Nyerere, halijajificha, na lodge, yaani tawi lao, ya kwanza ya Nairobi ni ya mwaka 1905. Wanadai mwanachama aamini Mungu Mkuu, bila kuulizwa yupi. Mezani huweka wazi kitabu kitakatifu kulingana na waliopo, Biblia, Kurani au Gita. Na mabishano ya dini na siasa ni mwiko humo. Kinachofichwa ni ishara na maneno ya kutambuana katika daraja zao tatu. Kwa hiyo ni utakatifu wa hatua: kila mlango umefungwa mpaka umalize wa kabla yake. Lodge za asili ya Uingereza ni za wanaume tu, basi mpwa wangu hakuhitaji ushauri wangu.

Na zile karatasi za nguzo za umeme, "jiunge upate utajiri, piga namba hii"? Hapo hamna dhahiri wala batini, kuna laini ya simu na mtu mwenye njaa.

Kama nikuchagulie

Mwenye msiba asiyetaka maswali: Basilika, kama huna historia nayo. Mwenye hasira na kichwa kinachokimbia: udhu wa Jamia ukiwa Mwislamu, Karura usipokuwa. Mpweke: gurdwara, na uende na njaa. Anayetaka kujua kama utakatifu unaweza kumtetea mtu: All Saints. Anayelemewa na kazi ya wiki nzima: usitafute mahali, tafuta siku. Wayahudi wa sinagogi ya University Way na Wasabato wa Nairobi wameweka utakatifu wao kwenye saa ishirini na nne, Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama, na huo hauna nauli. Wa hekaluni nilikuwa sina wa kumpeleka. Nilimwambia mpwa wangu waziwazi: kwa saa zako za kazi, pale hapakufai.

Alhamisi iliyopita, saa saba na nusu, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu.

"Shangazi niko Forest Road. Wamefunga pazia."

Nikamwandikia, "Si nilikwambia. Sasa unafanya nini?"

"Nimekaa kwenye ngazi."